Kadi ya Redio ya Bi Mwanamkasi

Nilifuta maneno mia nne na kumi na mawili ya marehemu Bi Mwanamkasi siku ya Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa kubonyeza mara moja. Hayakuwa maneno yangu. Yalikuwa yake, na yalikaa kwenye tovuti ya Dokta Fakhria, na baada ya siku kumi na moja watu watatu tusiowajua, kila mmoja chuoni kwake, wangeifungua tovuti hiyo ili waamue kama Dokta anafaa kuitwa profesa.

Dukani kulikuwa na wateja wawili. Mmoja alingoja fotokopi za hati ya kiwanja, mwingine alikuwa anakata picha zake za pasipoti kwa mkasi wangu bila kuniomba. Feni ilizunguka kama kawaida. Pale kwenye kioo cha kompyuta, palipokuwa na orodha ndefu ya maneno, palibaki mstari mmoja wa Kiingereza uliosema kwamba hakuna kitu. Nikamaliza fotokopi za yule bwana. Nikazipanga, nikazibana pini kwenye pembe, nikamkabidhi. Akasema asante. Nikasema karibu tena. Ndipo nikakaa.

Naitwa Fanueli, nina miaka hamsini na mitatu. Shule niliacha darasa la sita, mwaka ambao korona, ile mashine inayokwangua mkonge, ilimla baba vidole vitatu. Baba alikuwa Mshambaa aliyeshuka mlimani kutafuta kazi ya mashamba, akaipata, ikampata na yeye. Mimi nikaja mjini kumfagilia mzee mmoja aliyewaandikia watu barua kwa taipureta jirani na mahakama. Alipofariki nilibaki na taipureta. Baadaye ikaja mashine ya fotokopi, kisha kompyuta, kisha intaneti. Kila kilipokuja kitu kipya nilikaa nacho mpaka kikanizoea. Kutengeneza tovuti nilijifunza kwa kuharibu. Nasema hivyo ili ujue kwamba kuharibu hakukuwa jambo geni kwangu. Ila nilikuwa sijawahi kuharibu cha mtu mwingine.

Dokta Fakhria ni mtoto wa Tanga. Watu wake walitoka Omani zamani, babu alikuwa na minazi, baba aliuza saruji na misumari, yeye akafundisha lugha chuo kikuu Dar es Salaam. Alikuja dukani kwangu Usagara mwanzoni mwa mwaka 2021, likizo, kujalidi kitabu cha mwanafunzi wake. Akakaa kwenye kigoda akingoja, akanionyesha kwenye simu ukurasa wake wa chuo. Picha ilikuwa ya miaka minane nyuma. Namba ya simu haikuwa inapatikana. Jina la babu lilikosewa. Akasema kubadilisha herufi moja inabidi aandike barua idarani, idara iandike kwa watu wa kompyuta, na jibu huja muhula umekwisha.

Alitaka tovuti yake mwenyewe, ya kuweka kazi yake ya Kimtang'ata, lugha ya wazee wa huku pwani kwetu ambayo vijana wanaisikia misibani tu. Nikamweleza kuwa kuna njia mbili. Ipo tovuti nyepesi, ya haraka, haisumbui, lakini kila unapoongeza neno unaiandika upya kwa lugha ya mashine. Na upo mfumo wa kuendeshea tovuti, mzito kidogo, wenye chumba cha ndani: unaingia kwa paswedi yako, unaandika kama unavyoandika ujumbe, unabonyeza, dunia inaona. Akasema anataka chumba cha ndani. Yeye atakuwa Dar anafundisha, na mimi nitakuwa Tanga najaza.

Mfumo ule una desturi yake. Kila ukurasa lazima uwe na mwenyewe, mtu aliyesajiliwa kwa jina, na jina hilo linakaa chini ya maandishi. Dokta akasema weka langu, au weka lako. Sikuona sawa. Maneno hayakuwa yangu wala yake. Nikamsajili Bi Mwanamkasi, bibi wa miaka themanini na kitu ambaye hakuwahi kushika kompyuta, nikampa jina lake na paswedi yake, na kila neno likawa linaingia kwa jina lake. Dokta alicheka alipoona. Kisha akaacha kucheka, akasema acha hivyo hivyo. Miaka iliyofuata wenzake waliisifu tovuti kwa jambo hilo kuliko yote. Walisema kwenye vitabu vyao watu kama Bi Mwanamkasi wanashukuriwa kwa mstari mmoja mwishoni, kwa herufi ndogo.

Bi Mwanamkasi alizaliwa upande wa Tongoni na alikaa Mabawa, hapa hapa mjini, na mjukuu wake Nihal, fundi cherehani. Nilikwenda kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Nikifika mlangoni tu:

"Mshambaa, umeshuka na baridi yako?"

"Nimeshuka nayo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Iache nje."

Siku ya kwanza alinipa neno moja tu, akasema anapima kama nina haya. Baada ya hapo yakawa matatu kila Alhamisi. Kwanza niliandika kwenye daftari la kaunta kwa kalamu, maana aliyeacha shule mapema haamini herufi mpaka aziguse. Akinipa neno ananitaka nilirudie. Nikilikosea anacheka mpaka kanga inamshuka begani, halafu analitamka tena taratibu kama anamlisha mtoto. Likinikaa ndipo narekodi kwa simu: neno, maana yake, na kisa chake, kwa sababu hakuwa na neno lisilo na kisa. Alikuwa na neno la maji yanayobaki kwenye mashimo ya mwamba bahari ikitoka. Alikuwa na neno la mgeni anayeaga halafu hatoki. Siyaandiki hapa. Yako kwenye tovuti, na mengi ni ya kusikilizwa, siyo ya kusomwa.

Nikirudi dukani napandisha sauti kwenye tovuti, kisha naifuta kwenye simu. Simu yangu siku zote imejaa vyeti na vitambulisho vya wateja. Nilijua sauti iko salama kule juu.

Mwezi wa pili wa kwenda kwake Bi Mwanamkasi aliniuliza swali. Dunia nzima inamsikia, je, yeye atajisikia wapi? Simu za kupapasa hakuzitaka. Alikuwa na kiredio kidogo, saizi ya kipande cha sabuni, kile cha kadi ambacho wazee wetu huwekewa visomo vya Kurani. Alikifungulia kila alfajiri kando ya kitanda. Basi nikawa naichukua kadi, baada ya sura za Kurani nampangia maneno yake ya wiki, naichomeka tena. Wiki inayofuata ananipa ripoti. Hapa nimesema haraka. Hapa kuku amenikatiza. Hapa Mshambaa umekohoa, tumbaku hiyo, acha.

Alifariki Februari mwaka 2024, Jumatatu, na alizikwa siku ile ile. Mimi ni Mlutheri lakini nilisimama makaburini na wanaume wengine mpaka udongo ukaisha. Nilirudi dukani na viatu vyekundu kwa udongo, na Alhamisi ilipofika alasiri niliishia kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

Na ile Alhamisi ya kufuta, mwezi mmoja baadaye, asubuhi, iliingia barua pepe kutoka kwenye mfumo. Anuani ya Bi Mwanamkasi nilikuwa nayo mimi, kwa hiyo barua zake zilifika kwangu. Ilisema: Habari Mwanamkasi, ni siku thelathini hujaingia, tumekukosa, karibu tena.

Niliisoma mara mbili na ikanikera. Huku kwetu marehemu hatajwi hivi hivi kama unamwita sokoni. Unaanza na marehemu, unamwombea, ndipo unataja. Na hii mashine ilikuwa inamwamsha mama wa watu aingie kazini. Nikaona ni wajibu wangu kumtoa kwenye orodha apumzike. Nikafungua chumba cha ndani, nikalitafuta jina lake, nikabonyeza pa kuondoa.

Mfumo ukaniuliza. Ulikuwa na njia mbili: kufuta kila kitu cha mtu huyu, au kumpa mtu mwingine kila kitu chake. Nilikielewa Kiingereza chake vizuri, sitasingizia lugha. Njia ya pili niliiona wizi. Maneno ya Bi Mwanamkasi yawekwe jina la nani, langu? Njia ya kwanza nikaichukulia kuwa ni paswedi yake, anuani yake, kile kipicha chake. Mimi ni mtu wa fotokopi. Kwangu kitu kikishatoka kimetoka. Ukimwondoa mwandishi ofisini, karatasi zilizokwisha kusambazwa zinabaki mikononi mwa watu. Sikujua kwamba mle ndani hakuna kilichokwisha kutoka. Kila mtu anayesoma anaazimwa tu, na ukimwondoa mwenyewe anaondoka na vyake.

Sikungoja. Nilimpigia Dokta kabla hata yule wa picha hajamaliza kukata.

"Dokta, nimefuta maneno ya bibi."

"Mangapi?"

"Yote."

"Na sauti?"

"Na sauti."

Nikasikia kiti kinavutwa kule Dar.

"Bekapu?"

"Sina."

Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka Fanueli, toa mkono kwenye kompyuta. Usiguse kitu. Nakuja."

Wenye seva niliwaandikia, wakajibu kwa adabu kwamba nakala wanazitunza kwa wateja wa daraja la juu, na sisi tulikuwa wa daraja la chini. Nyumbani nilimwambia mke wangu. Praxeda ni Mkatoliki wa Rombo na hana maneno ya kupamba.

"Wewe," akasema, "wewe uliyebandika ukutani karatasi ya kuwaambia watu wahifadhi kazi zao?"

"Ndiyo mimi."

"Kaibandue."

Niliibandua. Kisha nikamwonyesha madaftari. Yalikuwa manne, makubwa, yana alama za chai, na ndani yake maneno yote mia nne na kumi na mawili kwa mwandiko wangu, maana na visa. Praxeda alivuta kiti dukani, akavaa miwani, akaanza kunisomea nami nikipiga chapa. Alisoma maneno ya Kimtang'ata kwa lafudhi ya Rombo, bila woga, kama anasoma matangazo ya jumuiya kanisani. Bi Mwanamkasi angemsikia angerudi amkosoe. Wateja walikuwa wanasimama mlangoni kusikiliza, na kuna mmoja aliuliza kama tunafundisha dini. Siku nne tulifanya hivyo. Maandishi yalirudi yote, sikupoteza hata nukta.

Lakini maandishi yalikuwa nusu ya kazi. Dokta aliwaahidi wale watu watatu, kwa maandishi, kwamba kila neno lina sauti ya msemaji. Ndiyo iliyokuwa hoja yake. Mtu mwingine yeyote angeweza kuandika kamusi. Yeye alikuwa na Bi Mwanamkasi.

Dokta alifika Jumamosi mchana na begi moja. Hakunigombeza. Alikula wali na samaki tuliomwekea, akanawa, akasema twende Mabawa tukamwambie mjukuu, maana si haki asikie kwa watu. Njiani nilimweleza habari ya kiredio. Akasimama katikati ya barabara. Bodaboda ikampigia honi, hakusogea.

"Yamo yote?"

"Sijui, Dokta. Sijui kadi iko wapi, sijui kama imefutwa."

Nilijua hayamo yote. Sikujua ni mangapi. Hilo sikulisema pale barabarani.

Nihal alikuwa anashona mtandio. Alisimamisha cherehani kwa kiganja. Nilimwambia mwenyewe, Dokta hakunisaidia na sikutaka anisaidie.

"Kwa hiyo umemfuta bibi," Nihal akasema.

"Nimemfuta."

Akaangalia kitambaa. Alikuwa na pini mbili mdomoni, akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake cha pini. Aliniambia kwamba kwenye arobaini ya bibi yake, wiki ijayo, alitaka kuwasikilizisha wajomba wa Pangani lile neno la mgeni asiyetoka, maana wao ndio wageni wenyewe. Akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. Nilikaa pale. Kwenye kosa la namna hii hakuna mahali pengine pa kukaa.

Nilipouliza kiredio, akasema hakipo. Mimi si Mwislamu, nilikuwa silijui hili. Kwao nguo za marehemu hupewa aliyemwosha, ni haki yake, na Nihal alipofungasha kanga na madera ya bibi yake alitia na vitu vya kando ya kitanda: mswaki, tasbihi, chupa ya mafuta ya karafuu, redio. Furushi zima lilikwenda Nguvumali kwa Bi Mize, mwosha maiti. Nihal akampigia simu papo hapo. Bi Mize alikuwa kwa binti yake Pangani, atarudi Jumatatu, kufunga atafungia kwake. Redio anayo. Habari ya kadi hakuielewa, akakata simu kwa sababu alikuwa kwenye ngalawa ya kuvuka mto.

Jumapili Dokta alikwenda kwao kulala. Mimi nilikwenda kanisani na sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu Alhamisi.

Jumanne ilikuwa Ramadhani mosi. Tulikwenda Nguvumali watatu, mimi, Dokta na Nihal, saa tano asubuhi, mitaa imetulia kama mchana wa Ijumaa. Bi Mize alikuwa barazani, miguu ameinyosha, anachagua mchele kwenye ungo. Ni mama mfupi, Mdigo, mikono yake mikubwa kuliko mwili. Tulimwamkia, akaitikia bila kuinua macho kwenye mchele.

"Nyie ndio mnaomtafuta mwenzangu?"

Nihal akasema ndiyo, bibi. Kiredio kilikuwa dirishani nyuma yake, kimefungwa mpira kwa sababu mfuniko wa betri ulikatika. Mpira ule niliufunga mimi.

Nilimweleza kosa langu kwa mara ya nne wiki ile. Lilikuwa limeanza kupungua maneno. Bi Mize alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza makapi.

"Wajukuu walitaka kuifuta," akasema. "Watie kaswida mpya. Nikawaambia atakayeigusa nitamwosha yeye."

Dokta akaweka mkono ukutani.

"Huyu nimemwosha kwa mikono hii," Bi Mize akaendelea. "Nimemfunga kidevu mwenyewe. Siku ya nne, alfajiri, nawasha redio yake nisikilize Yasini. Yasini ikaisha. Akaanza kusema. Neno la maji ya kwenye mwamba. Mimi nimezaliwa na neno hilo, sijalisikia tangu mama yangu."

"Hukuogopa, bibi?" Nihal akauliza.

"Niogope nini, si nimemwosha vizuri. Nikakaa kitako nikamwambia, haya Mwanamkasi, sema."

Alikubali tuichukue kadi kwa sharti moja: irudi kabla ya futari, kwa sababu alfajiri atamtaka. Aliichomoa mwenyewe kwa ukucha, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nyepesi kama gamba la samaki.

Dukani nilifunga mlango nusu. Dokta alikaa kwenye kile kigoda cha siku ya kwanza. Kadi ilisoma bila matata. Sura zilikuwa mwanzo, kisha yakafuata maneno, yamejipanga kwa tarehe, na nikayahamisha kwenye kompyuta, kwenye diski, na kwenye diski nyingine. Kisha tukahesabu. Mia mbili sabini na saba. Tukahesabu tena.

Dokta aliuliza yaliyobaki yako wapi. Nikamwambia.

Ramadhani ya mwaka uliotangulia duka lilikuwa limejaa, fomu za mikopo, fomu za ajira, watu foleni mpaka nje. Alhamisi niliendelea kwenda Mabawa, hata nikiwa nimechelewa. Kurekodi nilirekodi, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa na macho ya watu. Kadi ya redio haikuwa na macho ya mtu ila ya bibi mmoja. Nikaacha kuijaza. Alidai mara ya kwanza, nikasema wiki ijayo. Alidai mara ya pili, nikasema wiki ijayo. Mara ya tatu hakudai. Aliendelea kunipa maneno matatu, na alfajiri akaendelea kusikiliza yale ya zamani.

Dokta akanyoosha kidole, akafungua lile la mwisho kwenye kadi. Bi Mwanamkasi akasema neno lake, akasema maana, akasimulia kisa cha mwanamke aliyepika wali wa watu wawili akala peke yake kwa hasira. Alicheka mwenyewe. Kisha, kabla sijazima simu siku ile, akaongeza:

"Na kadi usiisahau, Mshambaa."

Sauti yangu ikajibu, ya mtu mwenye haraka zake: "Sisahau, bibi."

Nje mtu alikuwa anagonga mabati.

Nihal ndiye aliyetoa shauri. Alituambia barazani kwa Bi Mize, tuliporudisha kadi, kwamba yeye anaweza kumwiga bibi yake mpaka paka aitike, na kwa yale mia moja thelathini na tano yeye atasema, nani atajua? Akajaribu moja palepale. Ni kweli, nywele zilinisimama. Bi Mize akageuka kumtazama. Nilimtazama Dokta, na sitaficha, nilitaka akubali. Zilibaki siku sita. Wale watu watatu wako mbali, hawamjui Bi Mwanamkasi wala Nihal. Uprofesa wake ulikuwa pale, kwenye koo la binti wa watu.

"Hapana, mwanangu," Dokta akasema. "Sauti yako tutairekodi kwa jina lako. Pake pakiwa kimya, tutapaacha kimya."

Jua likazama, adhana ikalia. Bi Mize alitugawia tende, kisha uji wa pilipili manga, kisha tambi za nazi. Mimi nilikuwa sijafunga, nikala kama aliyefunga. Alichomeka kadi kwenye kiredio, akafunga mpira, akaniuliza kama nami ninakuja Alhamisi, maana naye ana maneno ya kwao na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Siku sita zile nilizitumia kuzirudisha sauti mahali pake moja moja. Kwanza nilimsajili Bi Mwanamkasi upya. Mfumo ukaniuliza jina. Niliandika Marehemu Bi Mwanamkasi, lote, na anuani yake nikaifungia barua zisiingie. Chini ya yale yasiyo na sauti Dokta aliniagiza niandike maneno matatu: Sauti imepotea hapa. Nilitaka kuongeza kwamba ni kosa la fundi. Akakataa, akasema watu wanakuja kwa Bi Mwanamkasi, hawakuja kwangu. Yeye mwenyewe aliwaandikia wale watu watatu, kupitia chuo, barua ya ukurasa mmoja, akaeleza kilichotokea bila kunitaja jina na bila kujitetea.

Kikao chao hakikumpitisha. Walisema kazi ni nzuri, ila hawawezi kupima kisichosikika, watarudi kuitazama kikao kijacho. Novemba walimpitisha. Alinipigia simu akiwa bado ukumbini, nilisikia viti. Nikamwita Profesa, akasema usianze.

Bado ninaiendesha tovuti yake. Nilimwambia atafute kijana aliyesoma, akaniuliza kijana aliyesoma angempigia simu dakika ile ile au angengoja jioni. Alhamisi nakwenda Nguvumali. Bi Mize amefika neno la tisini, yote kwa jina lake, na ananitania vibaya kuliko marehemu. Ijumaa natoa nakala tatu: moja ya seva, sasa tuko daraja la juu, moja ya diski, inakaa kabatini chini ya vitenge vya Praxeda, na moja ya kadi, inakwenda kwenye kiredio dirishani. Ile ya dirishani ndiyo ninayoiamini. Kila alfajiri yupo mtu anayeikagua.

Na ile karatasi niliyoibandua, Praxeda aliniruhusu niirudishe ukutani mwaka huu. Nimeridhika na maisha yangu, kwa sehemu kubwa. Lakini ukiniuliza kosa lile liligharimu nini, hesabu yake ninayo. Dokta Fakhria, miezi minane. Praxeda, siku nne za kusoma na macho mekundu. Nihal, neno moja la kuwachekesha wajomba kwenye arobaini, maana lile la mgeni asiyetoka lilikuwa miongoni mwa yaliyopotea. Na Bi Mwanamkasi, sauti mia moja thelathini na tano. Alikuwa akinipa matatu kwa wiki. Ni Alhamisi arobaini na tano.